Wiki sita kitandani, maziwa na ukimya: je, tiba ya Dokta Mitchell inamfaa mke wangu?

"Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi, na alijifungua mtoto wetu wa pili miezi minne iliyopita. Tangu mtoto afikishe kama wiki sita, mama hayuko sawa. Halali hata mtoto akilala, analia bila sababu, hana hamu ya kula, amepungua, na mara nyingine anasema mikono inakufa ganzi. Duka la dawa walisema neva zimechoka, wakampa vidonge vya vitamini. Ametumia mwezi mzima bila nafuu. Sasa kaka yangu amesoma habari za daktari bingwa wa Marekani wa miaka ya 1800, Weir Mitchell, aliyekuwa akiponya wanawake wenye neva dhaifu kwa kuwalaza wiki sita bila wageni, bila kusoma wala kuandika, huku wakinyweshwa maziwa na kuchuliwa mwili. Ndugu wanataka tumpeleke kwa mama yangu kijijini, alale chumba cha peke yake, simu tuichukue, mtoto aachishwe ziwa abaki na shangazi. Mwenyewe hataki, anasema huko ndiko atakakopata wazimu. Je, neva huchoka kweli? Tiba hiyo ilikuwepo au ni hadithi? Na tukimlazimisha kwa faida yake, tutakuwa tumekosea?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa haliwezi kungoja: msimlazimishe. Mtoto asiachishwe ziwa kwa ajili ya mpango huu, simu asinyang'anywe, wala asifungiwe chumbani peke yake. Anachohitaji mke wako ni kingine, na sehemu yake inaweza kuanza wiki hii hii.

Ila sitaki urudi kwa ndugu zako na neno moja tu, kwamba daktari amekataa. Wana sababu yao. Wanamwona mtu wao anakwisha, vidonge havikufua dafu, na kaka amekuja na tiba yenye jina la bingwa na historia nyuma yake. Ukiwaeleza tiba hiyo ilitoka wapi, ilimsaidia nani na ilimuumiza nani, mtaelewana vizuri zaidi. Mimi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mitchell ni mmoja wa wazee wa fani yangu, na namheshimu kwa nusu ya kazi yake.

Nusu hiyo ndiyo kwanza. Silas Weir Mitchell alizaliwa Philadelphia mwaka 1829, baba yake akiwa daktari, naye akasomea udaktari katika mji huo huo kabla ya kwenda Paris kujifunza kwa Claude Bernard, bingwa wa fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, wa zama zile. Kilichomfanya ajulikane ni Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Jeshi la Kaskazini lilifungua Philadelphia hospitali ya majeruhi wa neva, Turner's Lane, yenye vitanda 400, na Mitchell akafanya kazi hapo pamoja na George Morehouse na William Keen. Waliletewa askari ambao hospitali nyingine zilikuwa zimeshindwa kujua la kuwafanya. Mtu amepigwa risasi mkononi, kidonda kimefunga, lakini mkono unawaka moto usiku na mchana, ngozi imekuwa nyekundu na inang'aa, na hata karatasi ikichakarishwa karibu yake anaruka kwa maumivu. Wengine walitembea na chupa ya maji na kitambaa ili mkono usikauke. Wengine walimimina maji ndani ya buti.

Ilikuwa rahisi kusema wanajifanya ili warudishwe nyumbani, na kweli wapo waliojifanya. Hospitali ile ilikuwa na mbinu zake za kuwabaini. Lakini Mitchell na wenzake walikaa na wagonjwa hawa, wakawauliza, wakaandika walichojibiwa, wakawachoma mofini ngozini ili walale. Mwaka 1864 walitoa kitabu juu ya majeraha ya neva ambacho madaktari walikitegemea miaka mingi. Maumivu yale ya moto Mitchell aliyapa jina la kausaljia, na mwaka 1871 akaandika juu ya watu waliokatwa mguu au mkono lakini bado wanauhisi, hata kuumwa na vidole visivyokuwepo. Akiingia kwangu leo kijana aliyekatwa mguu kwa ajali ya bodaboda, akaniambia kwa aibu kwamba kisigino kinamwasha, najua la kumwambia, na ujuzi huo chimbuko lake ni vitanda vile vya Turner's Lane.

Hapo hapo ndipo tiba aliyoisoma kaka yako ilipoanzia. Misuli ambayo neva yake imeumia hunywea, na Mitchell aliona kuichua na kuipitishia umeme kidogo kunasaidia isinywee. Vita vilipoisha wagonjwa wake wakabadilika. Sasa waliokuja ni wanawake wa familia zenye uwezo: wamekonda, wana damu kidogo, wanachoka wakivuka chumba, hawalali, wanalia. Mwaka 1874 aliletewa mmoja kutoka jimbo la Maine, ambaye katika maandishi yake anamwita Bi. G. Alikuwa amezaa watoto kwa kufuatana, chakula hakimkai, na kusoma kidogo tu kulimmaliza. Akilazwa anakula, lakini akilazwa sana misuli inazidi kulegea. Mitchell akakumbuka kuchua na umeme. Kwa nini mgonjwa asipate faida ya mazoezi huku amelala? Bi. G. akapata nafuu, na mwaka 1877 kikatoka kitabu kidogo kiitwacho Fat and Blood, yaani mafuta na damu, vitu viwili ambavyo aliamini wanawake hawa wamepungukiwa.

Ndugu zako wajue tiba yenyewe ilikuwaje hasa, kwa sababu muhtasari huficha mengi. Mgonjwa alitolewa kwake na kuwekwa mahali pengine na muuguzi mmoja ambaye si ndugu. Kwa wiki nne hadi tano za mwanzo Mitchell mara nyingi hakumruhusu kuketi, kushona, kuandika wala kusoma. Kazi ya mikono iliyobaki ilikuwa kupiga mswaki. Wengine hata haja walifanyia kitandani. Alianzishiwa maziwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, kisha vikaongezwa nyama, siagi, mkate, supu ya ng'ombe na madini ya chuma, mpaka anakula milo mitatu mizito na maziwa juu yake. Kila siku alichuliwa mwili muda mrefu na kupitishiwa umeme. Kwa wiki sita hadi nane watu walinenepa kweli kweli.

Kulikuwa na jambo jingine, na Mitchell hakulificha. Aliandika kwamba mwanamke akiamriwa kulala mwezi mzima bila kitabu, kalamu wala sindano, mapumziko hugeuka dawa chungu, naye hufurahi siku akiambiwa ainuke. Kuchosha kwa makusudi kulikuwa sehemu ya dozi. Aliamini baadhi ya wanawake wameuzoea ugonjwa kwa sababu ya huruma inayouzunguka, hivyo akaiondoa huruma na kuweka utii kwa daktari mahali pake. Hii ndiyo nusu ya kazi yake nisiyoiheshimu. Mtu aliyekuwa na subira ya kumsikiliza askari akieleza kidole kisichokuwepo hakuwa na subira hiyo kwa mama aliyeeleza alichokuwa akikipitia.

Sasa swali lako: neva huchoka?

Mwaka 1869 daktari mwingine wa Marekani, George Miller Beard, alilitangaza jina la nurasthenia, maana yake udhaifu wa neva. Fikra ilikuwa kwamba kila mtu ana akiba ya nguvu ya neva, na maisha ya mjini, simu za maandishi, treni, biashara, na kwa wanawake masomo mengi, huimaliza akiba hiyo kama betri inavyokwisha. Mitchell aliiamini fikra hii. Mwaka 1871 alikuwa ameandika kitabu cha kuwaonya watu wanaojichosha, na humo aliwahofia sana wasichana wanaosoma kupita kiasi. Ukishaamini kuna akiba inayokwisha, kulaza na kulisha kunakuwa jambo la akili kabisa.

Akiba hiyo haipo. Neva hupeleka habari kwa chembe za chumvi, sodiamu na potasiamu, zinazoingia na kutoka kwenye ukuta wake. Kazi hiyo hutumia oksijeni na sukari inayoletwa na damu dakika kwa dakika, na neva iliyotumika huwa tayari tena ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna neva ya mwalimu iliyokwisha kwa sababu ya kufundisha. Neva huharibika, naam: kwa kisukari, pombe, ukosefu wa vitamini B12, ukoma, virusi vya UKIMWI, baadhi ya dawa, au kubanwa. Kuharibika huko kuna dalili zake, na daktari akiwa na nyundo yake ndogo na kipande cha pamba huzitafuta.

Kwa hiyo vidonge mlivyopewa havikuwa sumu, ila vilitibu kitu ambacho huenda hakipo. Vitamini za B humsaidia aliyepungukiwa nazo. Ganzi ya mikono ina maelezo kadhaa, na kwa mama wa miezi minne nafikiria matatu kwanza. Wakati wa ujauzito na baada yake mwili huvimba kidogo na kuibana neva inayopita kwenye kifundo cha mkono. Ganzi hiyo hukaa zaidi kwenye dole gumba na vidole viwili vya jirani, na humwamsha mtu usiku. Mtu mwenye wasiwasi naye hupumua haraka na kwa juu juu bila kujua. Hewa chafu (kabonidioksidi) hupungua kupita kiasi kwenye damu, na ganzi huja kwenye vidole vya mikono yote miwili na kuzunguka mdomo. La tatu ni upungufu wa B12 au damu. Muulize ganzi inakuja lini na vidole gani, muandike, mwende na karatasi hiyo kliniki.

Ukiacha ganzi, ulichonieleza kina jina tunalolijua vizuri, ingawa siwezi kulithibitisha kwa barua. Kulia kwa siku chache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida na huisha ndani ya wiki mbili. Hali iliyoanza wiki ya sita na kufika mwezi wa nne, pamoja na kukosa usingizi hata mtoto akilala, kukosa hamu na kupungua mwili, inafanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, sonona ikiongoza. Hili haliletwi na uvivu, wala kurogwa, wala kutompenda mtoto. Homoni zilizopanda miezi tisa huporomoka ndani ya siku chache, usingizi hukatwa vipande vipande kwa miezi, na kama kulikuwa na hofu, ugomvi, deni au upweke, vyote hukutana kwenye ubongo ule ule unaojaribu kujizoeza umama mpya.

Ndipo tunaona kitanda cha Mitchell kinakosea wapi. Mtu mwenye sonona huanza kujitenga kwa sababu kila kitu kina uzito. Akijitenga, vitu vidogo vinavyoupa ubongo ladha ya maisha hupungua: mazungumzo, jua la asubuhi, mtoto anayecheka, kazi ndogo iliyokamilika. Vikipungua, huzuni huongezeka, naye hujitenga zaidi. Tiba nzuri hulikata duara hilo kwa kumrudisha kidogo kidogo kwenye mambo yenye maana kwake. Kumlaza peke yake bila simu kunalikaza. Hata Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya mazungumzo, ambaye mwaka 1887 alikisifu kitabu cha Mitchell kilipotafsiriwa kwa Kijerumani, alikuja kuona kwamba mgonjwa aliyelazwa bila shughuli huzama kwenye mawazo yanayomdhuru, na akapendekeza mapumziko yaendane na mazungumzo.

Mfano unaojulikana kuliko yote unakaribiana na wako kiasi kwamba ningependa mke wako mwenyewe ausikie. Charlotte Perkins, wakati ule akiitwa Stetson kwa jina la mume, alijifungua binti mwaka 1885 na akaingia kwenye huzuni nzito isiyoisha. Mwaka 1887 alikwenda kwa Mitchell, akalazwa, akalishwa, akachuliwa. Baada ya kama mwezi mmoja aliambiwa hana ugonjwa wa maana, arudi nyumbani na maagizo aliyoyakumbuka maisha yake yote: aishi kinyumbani kadiri iwezekanavyo, awe na mtoto muda wote, alale saa moja kila baada ya mlo, asitumie akili zaidi ya saa mbili kwa siku, wala asiguse tena kalamu, brashi au penseli maisha yake yote. Alikuwa mwandishi na mchoraji. Alitii kwa miezi kadhaa na, kwa maelezo yake, akafika ukingoni mwa kupoteza akili kabisa. Kilichomwokoa, alisema, ni kuyatupa maagizo na kurudi kazini. Mwaka 1892 alichapisha hadithi ya mwanamke anayefungiwa chumbani apumzike hadi akili zinamtoka, akampelekea Mitchell nakala. Baadaye alidai ameambiwa daktari alibadili tiba kwa sababu ya hadithi ile. Kwa upande wa Mitchell, aliendelea kuitetea tiba yake. (Naye, mpiga marufuku kalamu, aliandika riwaya na mashairi mpaka uzeeni.)

Linganisha na alivyowatibu baadhi ya wanaume waliolalamikia uchovu ule ule. Hao aliwashauri waende porini au magharibi mwa nchi, wapande farasi, wawinde, walale hemani. Owen Wister alipelekwa Wyoming mwaka 1885 kwa ushauri wake, na safari hizo zikamfanya mwandishi. Ugonjwa mmoja, na huyu anapewa farasi, yule ananyang'anywa penseli. Ukiniuliza ni ipi kati ya tiba hizo mbili iliyokaribia ukweli wa leo, nitakujibu ya farasi: mwendo, mwanga, na kitu cha kufanya.

Lakini nisimwonee. Wapo wanawake waliopona kwa Mitchell, wakamwandikia barua za shukrani, na tiba yake ikaenea Uingereza na kwingineko Ulaya. Kwa nini? Wengi walifika wakiwa wamekonda na kupungukiwa damu, na chakula na madini ya chuma ni dawa halisi ya hali hiyo. Wengine nyumbani kwao ndiko kulikokuwa na maradhi: mimba zisizopumzika, mume mkali, wakwe wasioridhika. Wiki sita mbali na hayo zilikuwa nafuu ya kweli. Na wapo waliopata, pengine kwa mara ya kwanza, mtu mzima mwenye cheo anayewaambia kwa uhakika watapona. Tusiidharau nguvu hiyo. Ila haikuwashika wote. Jane Addams alilazwa katika hospitali yake miaka ya mwanzo ya 1880, akatoka, na unyonge ukaendelea naye miaka. Alipata nguvu zake alipopata kazi aliyoiamini, nyumba ya kuhudumia wahamiaji maskini aliyoifungua Chicago mwaka 1889. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tiba ile ilikuwa na hatari nyingine ambayo nataka uiogope zaidi kuliko zote. Daktari akishaamini ni neva, haangalii tena. Winifred Howells, binti wa mwandishi William Dean Howells, aliteseka miaka kwa maumivu na kukonda. Mitchell aliona ni tatizo la neva, akamtibu kwa kumlisha anenepe. Binti alifariki Machi 1889, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha alikuwa na ugonjwa wa mwilini. Ndiyo maana kabla ya mtu yeyote kusema mke wako ana sonona, au "mawazo tu", apimwe. Naomba afanyiwe angalau kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa sababu tezi hii huweza kuvurugika miezi michache baada ya kujifungua na kuleta kukonda, mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na wasiwasi, halafu baadaye uzito na uchovu. Dalili hizo ni karibu zile zile ulizoniandikia.

Na mwili wenyewe haupendi kitanda. Mwaka 1966, Dallas, vijana watano wenye afya walilazwa wiki tatu kwa utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka hamsini, ikaonekana wiki tatu zile ziliwashusha kuliko miaka thelathini ya kuzeeka. Kwa mama aliyejifungua karibuni kuna hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na donge kupanda hadi mapafuni, na kulala bila kujongea huiongeza.

Utaniambia: mbona hata sisi tuna arobaini? Mzazi anakaa ndani, anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kongoro. Naam, na kwa juu juu vinafanana na maagizo ya Mitchell: kulala, kula, kuchuliwa. Tofauti iko kwenye watu. Katika arobaini chumba kimejaa. Kuna mama, shangazi, jirani aliyezaa mwaka jana, vicheko, umbea, mtu wa kumpokea mtoto saa nane za usiku, na mtoto mwenyewe yupo kifuani pa mama yake. Mitchell alichukua chakula na kitanda akaacha watu mlangoni. Kama mama yako yuko tayari kusaidia, mwite aje kwenu. Apike, afue, amshike mtoto mchana mke wako alale, na asimhubirie. Msaada huo ni dawa. (Kukanda tumbo kwa maji ya moto sana siupendi, hasa aliyefanyiwa upasuaji.)

Tuje kwenye cha kufanya. Usingizi ni wa kwanza, na hapa mapumziko ninayaafiki kabisa. Panga umpe mke wako saa nne au tano za kulala mfululizo kila usiku. Ananyonyesha, anakwenda kulala, wewe unamchukua mtoto. Akilia kwa njaa kabla ya muda, maziwa yaliyokamuliwa yapo. Hili ni jukumu lako kuliko la mama yako. Asubuhi atoke nje, hata robo saa, mkitembea pamoja. Ale anachoweza, mara nyingi na kidogo. Mayai, maharage, mboga za majani, dagaa, maini. Kama anapenda kuandika, kusoma au kusahihisha madaftari machache, asizuiwe. Anachochagua mwenyewe kinamjenga kuliko anachoamriwa. Na msimwachishe mtoto ziwa ghafla: matiti hujaa, huuma, hata jipu laweza kutunga, na mama mwenye sonona hulichukua kama ushahidi kwamba ameshindwa umama.

Kisha mazungumzo na mtu aliyefundishwa. Si lazima awe profesa. Pakistani waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kukaa na mama wenye sonona na kuwasaidia kubadili mawazo na mienendo hatua kwa hatua, na idadi ya waliobaki wagonjwa ikapungua sana ukilinganisha na mama waliotembelewa bila mafunzo hayo. Zimbabwe bibi wa mtaani wanafanya kazi ya namna hiyo wakiwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha inasaidia. Kwenu, anzeni na kliniki ya mama na mtoto mnakompimia uzito mtoto. Mwambieni muuguzi wazi kwamba tatizo ni la mama, na muombe rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au mkoa. Watu huogopa jina la kitengo. Nenda naye, keti naye.

Kama hali ni nzito au mazungumzo hayatoshi, kuna dawa. Setralini hutumiwa sana kwa mama wanaonyonyesha, kwa kuwa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Haifanyi kazi usiku mmoja. Ipe wiki mbili hadi nne, na siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu au wasiwasi kidogo. Isianzwe bila daktari, kwa sababu lazima aulizwe kama aliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kutolala kwa siku nyingi bila kuchoka. Mtu huyo huhitaji tiba tofauti. Isiachwe ghafla pia. Dawa za usingizi za dukani kama diazepamu msimpe kiholela, hukusanyika kwa mtoto anayenyonya na kumlegeza.

Kuna swali moja nataka umuulize leo, mkiwa wawili, kwa utulivu: "Umewahi kufikiria kufa, au kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, wengi hushukuru kwamba mtu ameuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za mifugo, viuatilifu na vidonge vyote nyumbani, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Fanyeni hivyo pia akianza kusikia sauti wengine wasizozisikia, kuamini mtoto si wake au ana nguvu za ajabu, kuchanganyikiwa, kutolala kabisa siku mbili tatu huku akihangaika. Hiyo ni hali ya dharura, hutibika, na haingoji kikao cha ukoo. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana ghafla, au ganzi ikaja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au mdomo kupinda: nenda mapokezi ya dharura, usiku au mchana.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, chukueni miadi ndani ya wiki hii. Umwachie mke wako aseme mwenyewe kwa daktari, wewe uongezee tu akikuomba.